Geji ya turbo inasoma 14, ya fundi inasoma 9. Niamini ipi?

#1 Mbebambao
Wakuu, habari za jioni. Nina Land Cruiser mkonga, injini 1HZ. Kiwandani hazikuja na turbo, hii ilifungiwa hapa Dar pamoja na intakula (kipoza hewa ya turbo) ndogo mbele ya rejeta. Geji ni ya umeme: kuna sensa chini ya boneti, inapokea hewa kwa mpira mwembamba, halafu waya unaingia ndani hadi kwenye geji. Siku zote nikikanyaga mpaka mwisho ilikuwa inagota 9 psi (kipimo cha presha).

Mwezi uliopita rejeta ilivuja. Ikashushwa, intakula ikatolewa, vyote vikarudishwa. Tangu hapo geji inapanda mpaka 14. Nguvu ni ile ile, moshi ni ule ule, joto la maji halijabadilika. Fundi akachomeka geji yake ya mkononi, ikasoma 9, akaniambia "bosi endesha, geji yako imekufa".

Wiki ijayo napanda Mafinga na mzigo. 1HZ kompresheni yake ni zaidi ya 22 kwa 1, haikutengenezwa kulishwa hewa ya kusukumwa, ndiyo maana sitaki kubahatisha. Niamini ipi?

#2 DizeliDamu
Injini bado inawaka? Amini ya fundi. Ikizima ghafla mlima wa Kitonga, amini ya kwako.

#3 Sikiolafundi
Mbebambao, kabla watu hawajaanza kukufunulia injini hapa, jibu haya matatu. Mpira wa sensa umechomekwa wapi hasa: kwenye manifoldi (bomba linalogawa hewa kwenye silinda), au kwenye turbo yenyewe pale hewa inapotokea? Ukiwasha swichi bila kuwasha injini, geji inasimama ngapi? Na geji ya fundi ni ya aina gani, mwisho wake ni ngapi?

#4 Mzee wa Kitonga
Vijana, mnasahau hewa. Huku juu hewa ni nyepesi. Akifika Mafinga atashangaa, geji itapanda zaidi ya hiyo 14 kwa sababu hakuna hewa ya kuizuia. Nimeendesha njia hiyo tangu malori yakiwa na pua.

#5 Kilopaskali
Shikamoo mzee. Kwa heshima, hapo si hivyo. Geji ya turbo inapima tofauti kati ya hewa iliyo ndani ya manifoldi na hewa ya nje. Springi ya westigeti nayo inapambana na hewa hiyo hiyo ya nje. Kama springi inafungulia kwenye 9, itafungulia kwenye 9 Dar na kwenye 9 Mafinga, na geji itaonyesha kitu kile kile.

Kinachobadilika ni kazi ya turbo. Dar hewa ya nje ni kama kilopaskali 101. Mafinga, kwenye mita 1,900 hivi, ni kama 80. Psi 9 ni kilopaskali 62. Kwa hiyo Dar turbo inaikandamiza hewa mara 1.6, Mafinga karibu mara 1.8. Inazunguka kasi zaidi ili geji isome namba ile ile, na hata hivyo injini inapata hewa pungufu. Urefu hauwezi kuitoa 9 ukaipeleka 14. Isitoshe yeye yuko Dar bado!

#6 Mzee wa Kitonga
Marahaba. Sawa, lakini gari langu lilikuwa linapanda.

#7 MamaForester
Mzee wa Kitonga ana kaukweli kake ila yuko upande mwingine wa sifuri. Sisi wa petroli tuna upande wa kushoto wa geji, ule wa mvuto. Forester yangu ya turbo ikiwa Mombasa imekaa sailensa (inawaka bila kukanyagwa), mshale unasimama kwenye 48 hivi za sentimita za zebaki. Nikiileta Nairobi unasimama kwenye 34. Mtu aliniambia pistoni ringi zimeisha, akanipigia na hesabu ya kufungua injini. Kumbe hewa ya nje ndiyo imeshuka kwa kama sentimita 14, na mvuto ukashuka nayo. Dizeli kama ya mwenye uzi haina upande huo, ikiwa sailensa inakaa sifuri tu.

#8 DizeliDamu
Dada, umeleta Subaru kwenye uzi wa dizeli. Tunakusamehe kwa sababu ya hesabu.

#9 Mbebambao
Sikiolafundi (#3), asante. Nimeenda kuangalia na tochi. Mpira wa sensa umeungwa kwa kiungo cha T kwenye mpira unaotoka kwenye nyumba ya turbo kwenda westigeti. Swichi ikiwa imewashwa na injini imezima, mshale uko sifuri kabisa. Geji ya fundi ni ile ya sanduku la kupimia pampu za petroli, imeandikwa 0 mpaka 10 bar. Yeye alichomeka kwenye manifoldi, kwenye kiplagi kidogo karibu na silinda ya sita.

#10 Sikiolafundi
Hapo sasa. Mmepima sehemu mbili tofauti halafu mnauliza nani mwongo. Wewe unapima hewa inapotoka kwenye turbo, kabla haijapita intakula. Fundi amepima baada ya intakula. Njiani kuna bomba, kona, mapezi ya intakula, bomba tena. Presha lazima ishuke. Intakula nzuri inakula psi moja, labda mbili. Yako ndogo inaweza kula zaidi, hasa kama ilikunjwa mapezi walipoitoa, au kuna kitambaa walichozibia bomba wakakisahau humo ndani. Usicheke, vitambaa hivyo vinasahaulika sana.

Naweka dau: kabla ya kazi ya rejeta T ilikuwa kwenye manifoldi, walipofungua wakaihamisha sehemu rahisi.

#11 Nusukipimo
Mnaitetea geji ya fundi bila kuitazama. Geji ya 0 mpaka 10 bar, za kawaida za gereji, kosa lake huhesabiwa kwa mwisho wa kipimo, si kwa namba unayosoma. Ikiwa ni ya asilimia 2.5, basi inaruhusiwa kukosea robo bar popote pale. Robo bar ni psi 3.6. Fundi anaposoma 9 kwenye geji hiyo, ukweli unaweza kuwa 5 na nusu au 12 na nusu, na geji bado ni nzima kabisa kwa mujibu wa aliyeitengeneza. Mshale wenyewe umepanda kidogo tu kutoka chini, alisomaje 9? Alisoma alichotaka kukisoma.

#12 WayaMwekundu
Mimi ni fundi umeme, naona mnazunguka. Geji za sensa ya umeme ugonjwa wake mkubwa ni ethi (waya wa kurudisha umeme kwenye bodi). Sensa nyingi za aina hii zinatoa volti 0.5 zikiwa sifuri na 4.5 zikifika mwisho. Kama mwisho ni bar 3, kosa la volti 0.1 tu ni psi 1.1. Waliposhusha rejeta lazima walifungua ethi za pale mbele. Ethi imekamatishwa kwenye rangi au kutu, umeme wa taa na feni unapita njia ya sensa, namba inapanda. Safisha ethi uone.

#13 Kilopaskali
WayaMwekundu, hesabu yako ni sawa lakini ili apate psi 5 za uongo anahitaji karibu nusu volti. Ethi mbovu kiasi hicho isingemwachia mshale ukae sifuri.

#14 WayaMwekundu
Ungekaa sifuri kama amepima taa zimezimwa na alteneta haizunguki. Mbebambao, fanya hivi: injini sailensa, washa taa kubwa, washa AC, feni zote. Mshale ukicheza wakati turbo haifanyi kazi yoyote, tumemkamata.

#15 Mgeninjoo
Samahani, westigeti ni nini? Nimesoma uzi wote naona aibu kuuliza.

#16 Sikiolafundi
Ni kijilango upande wa ekzosi. Presha ya turbo ikifika kiwango, diafram yenye springi inasukuma fimbo, kijilango kinafunguka, moshi mwingine unapita pembeni bila kuzungusha turbo. Ndiyo breki ya turbo. Uliza tu, humu nusu ya watu wanajua jina, kazi hawajui.

#17 Roho ya Chuma
Nimewasoma wote, nashangaa kitu kimoja. Kwa nini kila mtu anatafuta jinsi geji inavyodanganya? Labda inasema kweli! Mpira wa westigeti umekatwa ukawekwa T. T ya bei rahisi, klipu hazipo. Mpira ukivuja kidogo, diafram inapata presha pungufu, kijilango kinachelewa kufunguka, turbo inapitiliza. Hii si hadithi, ndivyo watu wanavyoongeza presha makusudi kwa kivalvu cha kuvujisha. Mwenye uzi kawekewa cha bure bila kujua.

Usipande Mafinga na mzigo kabla hujabadilisha mpira huo. Na kama huna geji ya joto la ekzosi, funga. Kwa turbo ya kuongezea kwenye 1HZ, mimi joto naliogopa kuliko presha. Nikiona nyuzi 700 inang'ang'ania kabla ya turbo, napunguza mguu bila kumuuliza mtu.

#18 Nusukipimo
#17 ina mantiki, ila kasema nguvu haijaongezeka.

#19 Roho ya Chuma
Nguvu ya dizeli inatoka kwenye mafuta. Kama pampu haijaguswa, hewa ya ziada inapita tu. Moshi ungepungua kidogo, na moshi kama haukuwepo tangu mwanzo utapungua nini?

#20 Wa_Limuru
Niingie na yangu, iko karibu na hii. Nina Prado dizeli, kifaa cha OBD (cha kusoma kompyuta ya gari) na programu ya simu. Hapa Limuru gari likiwa limezimwa, swichi tu, programu inaonyesha turbo kasoro 3 psi, yaani chini ya sifuri. Nikishuka Mombasa inaonyesha sifuri. Nikipanda tena kasoro. Fundi mmoja ameshasema sensa imekufa, anataka kuibadilisha.

#21 Kilopaskali
Usibadilishe kitu. Sensa ya manifoldi inapima presha yote, pamoja na hewa ya nje. Ili kupata presha ya turbo, programu inapaswa kutoa hewa ya nje. Zingine zinatoa 101 wakati wote, kana kwamba kila mtu anaishi ufukweni. Wewe uko zaidi ya mita 2,000, hewa yako ni chini ya 80. Ukitoa 101 utapata kasoro 21 au zaidi, hizo ndizo psi 3 zako. Tafuta kwenye mipangilio mahali pa kuiambia isome hewa ya nje kutoka kwenye kontrol boksi, au ujaze mwenyewe.

#22 Wa_Limuru
Shukrani. Nimefungua programu ya hali ya hewa, inasema hapa ni 1,018, yaani kilopaskali 101.8. Kwa hiyo sensa ndiyo mbovu kweli?

#23 MamaForester
Hapana! Namba za hali ya hewa hurekebishwa zionekane kana kwamba kila mji uko usawa wa bahari, ili wapate kulinganisha. Hewa halisi ya Limuru si hiyo. Washa swichi bila injini, soma presha ya manifoldi, hiyo ndiyo hewa ya hapo ulipo. Ikiwa sensa inasema 77 au 78 Limuru, iko sawa.

#24 Nusukipimo
Na jambo jingine kwa wa OBD: ile namba ya kawaida ya presha ya manifoldi ina nafasi ya kufika kilopaskali 255 tu, haipiti hapo. Usawa wa bahari hiyo ni psi 22 za turbo. Mwenye gari lililochokonolewa likivuka hapo ataona namba imeganda, atasema turbo yake imetulia vizuri sana.

#25 DizeliDamu
Nina jirani yangu geji yake imeandikwa kPa mara 100. Mshale ukifika 1.0 anatangaza mtaa mzima ana psi 10. Sijamwambia kwamba ni 14 na nusu, namwacha alale.

#26 Springi
DizeliDamu umenikumbusha: Mbebambao, sensa ni ile ile ya mwanzo? Kama waliivunja wakati wa kutoa rejeta wakakuwekea nyingine kimyakimya, hapo pana jibu. Geji inayotegemea sensa ya bar 3 ukiipa sensa ya bar 2, sifuri inabaki sifuri lakini kila kitu juu kinazidishwa moja na nusu. 9 mara moja na nusu ni 13.5. Kwa macho, ni 14. Haya, nani ana jibu zuri kuliko hilo?

#27 Kilopaskali
Limekaa vizuri mno, ndiyo maana naliogopa. Lakini linapimika: apeleke hewa inayojulikana kwenye sensa. Pampu ya baiskeli, T, geji nzuri ya tairi. Akiweka 10 geji ikasoma 15, Springi ameshinda. Ikisoma 10, twende kwa Sikiolafundi au Roho ya Chuma. Asivuke 20 tu asije akaiua sensa nzima.

#28 Mbebambao
Wakuu nimerudi. Nimefanya mlichosema, baadhi.

Taa, AC, feni, vyote nimewasha. Mshale umecheza kidogo sana, hata psi moja haufiki. Nimeenda kwa fundi pancha na T. Kipimo chake 10, geji yangu 11 na nusu. Nimehamisha mpira wa sensa nikauweka kwenye manifoldi alipopima fundi, nikatoka barabara ya Bagamoyo usiku. Inagota 11 na nusu. Mpira wa westigeti niliuvua ukapasuka mkononi, umekuwa mgumu kama mwiko, nimeweka mpya na klipu baada ya jaribio hilo, si kabla. Sensa sijui kama ni ile ile, fundi anaapa hajaigusa.

#29 Sikiolafundi
Nilisema nini? Umehamisha sehemu tu, zimepungua 2 na nusu. Hiyo ndiyo intakula yako. Ila 2 na nusu kwa presha ndogo namna hiyo ni nyingi, ifungue uangalie ndani.

#30 WayaMwekundu
Na ile psi moja na nusu iliyozidi kwa fundi pancha, mshale unaocheza na taa? Ethi. Nimesema tangu #12.

#31 Springi
Mnamwamini fundi pancha? Kile kipimo kimedondoka lami mara ngapi tangu kinunuliwe? Kama chake kinazidisha, 10 yake ni 8, na 8 mara moja na nusu ni 12, karibu na hiyo 11 na nusu.

#32 Nusukipimo
Springi anatetea mtoto wake. Lakini ana haki kuhusu kipimo cha pancha, kinaenda mpaka 200 na kitu, makosa ni yale yale niliyosema #11. Tafuta geji yenye mwisho 30 psi, hata ya kuazima.

#33 Roho ya Chuma
Na mimi nina mpira uliopasuka mkononi mwake. Huo ulikuwa unavuja. Umejaribu baada ya kuweka mpya?

#34 Mbebambao
Bado, mvua. Swali linalonisumbua: kama geji inaongeza psi moja na nusu, je ile 9 ya zamani ilikuwa 7 na nusu? Au imeanza kuzidisha juzi?

#35 Kilopaskali
Hapo ndipo bila kujua T ilikuwa wapi zamani hatuendi mbele. Huna hata picha moja ya boneti imefunguliwa? Watu wanaouza magari hupiga boneti kila siku.

#36 Mbebambao
Ninayo moja, ya siku ilipofungwa turbo. Mkono wa fundi umeziba pale pale.

#37 DizeliDamu
Muulize kama mkono ule nao unasoma 9.

#38 Mzee wa Kitonga
Mbebambao, ukipita Ruaha Mbuyuni kabla ya kuanza kupanda, simama injini ipumue, nunua vitunguu, bei ni nzuri. Kitonga panda kwa gia ndogo, usiivute injini ikiwa chini ya mizunguko, ndipo joto linapopanda. Geji hata ikiwa imezimwa utafika.

#39 Roho ya Chuma
Mzee kwa gia uko sahihi. Kwa geji kuzimwa, hapana.

#40 Mgeninjoo
Mimi gari langu halina turbo, ila nimesoma mpaka hapa. Vitunguu vya Ruaha vinauzwa kwa ndoo au kwa gunia?

#41 Mbebambao
Update fupi, niko Iringa. Mpira mpya wa westigeti, sensa bado kwenye manifoldi, mzigo tani mbili na nusu. Kitonga imegota 10, mara mbili ikagusa 11. Intakula sijaifungua. Ethi sijaigusa. Geji ya 30 psi naambiwa kuna mtu Mafinga anayo, nikimpata naleta namba. Mgeninjoo, kwa ndoo.